Antene ya maji: inavyotengenezwa, na kwa nini pilone ya chuma ingali imesimama

Kila redio ya mashariki ya Kongo, iwe kubwa ao ndogo, iko na alama moja yenye kuonekana toka mbali: pilone ya chuma, na antene juu yake. Alama hiyo inafurahisha wasikilizaji. Lakini inaita pia mwizi wa kable ya shaba, inaita radi, na wakati wa vita inaonyesha wazi ni fasi gani sauti inatokea. Njo maana habari za antene isiyoonekana, iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi ao kwa rangi ya kupuliza juu ya kioo, zinasikilizwa kwa hamu na mafundi wa redio na vijana wanaotengeneza telefone.

Antene hizo ziko kweli. Zimejengwa, zimepimwa, na zingine zinauzwa. Jambo ambalo video nyingi za telefone hazisemi ni kwamba kila mara antene inapoacha mwangaza upite, kuna kitu inalipa upande wa umeme. Kujua bei hiyo ni lazima kabla redio yoyote haijaanza kuota ndoto ya kushusha pilone yake.

Antene inataka nini

Redio za FM zinatangaza kati ya megahezi 88 na 108. Kwenye megahezi 100, umeme ndani ya antene unapanda na kushuka mara milioni 100 kwa sekunde moja, na wimbi lake liko na urefu wa metre 3. Fundi anakata antene kufuata urefu huo: nusu ya wimbi ni metre 1 na nusu, robo ya wimbi ni sentimetre 75. Njo urefu wa ile antene ya kuvuta kwenye redio ndogo ya batri unakaribia hapo.

Kinachofanya kazi ni umeme wenye kukimbia juu na chini katika urefu sahihi. Chuma kinatumiwa kwa sababu kinaacha umeme ukimbie bila kuchoka. Lakini hakuna sheria inayosema paka chuma. Kitu chochote chenye kupitisha umeme vya kutosha, hata kiwe majimaji ndani ya bomba, kinaweza kuwa antene.

Maji safi hayapitishi umeme sana. Ukitia chumvi, mambo yanabadilika. Chumvi ikiyeyuka inagawanyika kuwa vipande vidogo sana vyenye umeme, wataalamu wanaviita ioni, na vipande hivyo vinatembea. Ndani ya shaba wanaotembea ni elektroni, ambazo ni nyepesi mara maelfu kuliko ioni. Tofauti hiyo njo inaeleza yote mawili, kwa nini maji ya chumvi ni dhaifu na kwa nini yanaonekana ng'ambo. Mwangaza ni wimbi pia, ila linatetemeka mara milioni mia tano za milioni kwa sekunde. Elektroni za chuma zinaweza kufuata mwendo huo, kwa hiyo chuma kinarudisha mwangaza kama kioo cha kujitazama. Ioni za chumvi ni nzito, haziwezi kufuata. Mwangaza unapita zake kama hakuna kitu. Lakini wimbi la redio linatetemeka polepole kuliko mwangaza, na hapo ioni zinafuata bila shida. Maji ya chumvi, kwa jicho, ni kioo. Kwa redio, ni waya. Waya mbaya, lakini waya.

Mbaya kiasi gani? Maji ya bahari yanapitisha umeme karibu mara milioni 13 chini ya shaba.

Bahari yenye kuruka hewani

Walioonyesha kwamba udhaifu huo unaweza kuzungukwa ni watafiti wa jeshi la maji la Marekani huko San Diego. Meli ya vita inabeba antene nyingi sana, na zinasumbuana. Wao wakachukua pompe, wakarusha maji ya bahari juu kama chemchemi, wakapitisha maji hayo katikati ya pete ya sumaku iliyofungwa waya. Waya wa emeteri haugusi maji hata kidogo: pete njo inasukuma umeme ndani ya maji yanayopanda. Wakitaka mawimbi mafupi wanashusha chemchemi mpaka sentimetre 60 hivi. Wakitaka mawimbi marefu wanaipandisha mpaka metre 24. Antene ya chuma haiwezi kubadilishwa urefu hivyo, na pompe ikizimwa antene inaanguka baharini, hakuna kitu cha kuona wala cha kupiga.

Mwaka wa 2016, kampuni ya Mitsubishi Electric ya Japani ilionyesha antene yake ya namna hiyo, waliyoiita SeaAerial. Shida waliyopambana nayo ilikuwa hii: chemchemi inayotoka baharini imeshikamana na bahari yenyewe, kwa hiyo umeme unateremka na kupotea majini. Wakatengeneza mdomo wa bomba usiopitisha umeme, wenye urefu wa robo ya wimbi, unaotenga chemchemi na bahari. Hesabu zao zilionyesha kwamba karibu asilimia 70 ya nguvu inatoka kama wimbi, na waliweza kupokea televisheni ya namba kwa kutumia maji tu.

Asilimia 70 ni matokeo mazuri kwa maji. Kwa antene ya chuma ya FM iliyojengwa vizuri, ni matokeo ambayo fundi angepanda tena juu kutafuta wapi kable imeoza.

Hesabu ya bomba moja

Ili kuona bei hiyo kwa macho, tuchukue mfano wa bomba la plastiki lenye kuonekana ng'ambo, refu sentimetre 75, pana sentimetre 5 ndani, limesimama juu ya sahani ya chuma. Linaingiza karibu litre moja na nusu ya maji. Kupata nguvu ya maji ya bahari inatosha kutia gramu 35 za chumvi ya jikoni kwa kila litre, yaani vijiko viwili vikubwa.

Nguzo hiyo ya maji iko na upinzani wa om 85 hivi toka chini mpaka juu. Waya ya shaba ya milimetre 2, urefu ule ule, haifiki hata om moja, hata kwenye mawimbi ya FM. Sasa, antene ya robo ya wimbi inatoa nguvu hewani kana kwamba ni upinzani wa om 36. Umeme ndani ya antene uko mwingi chini na unaisha juu, kwa hiyo upinzani wa maji unahesabika nusu, om 42 hivi. Matokeo: kwa emeteri ya wati 100, karibu wati 45 zinaenda hewani, na 55 zinabaki ndani ya bomba kupasha maji moto. Kwa saa moja tu maji hayo yangepanda zaidi ya nyuzi 30 kama joto lisingepata njia ya kutoka. Mtu angekuwa anachoma mazutu ya gurupu kwa kuchemsha maji.

Kuna njia mbili za kupunguza hasara. Ya kwanza ni kunenepesha bomba. Lakini umeme wa mawimbi haupendi kupita katikati, unapita pembeni, karibu na ngozi ya kitu. Ndani ya shaba, kwenye megahezi 100, ngozi hiyo haifiki hata mia moja ya milimetre. Ndani ya maji ya bahari ni sentimetre 2 na nusu hivi. Kwa hiyo bomba la sentimetre 10 linasaidia, linapandisha matokeo karibu na asilimia 70, lakini kwenda mbali zaidi ni kuongeza uzito bila faida kubwa. Tayari bomba hilo linabeba karibu kilo 6 za maji, na hiyo ni antene moja tu.

Njia ya pili ni kutia chumvi mpaka maji yakatae, karibu gramu 360 kwa litre. Hapo maji yanapitisha umeme mara tano zaidi, na bomba letu la sentimetre 5 linafika karibu robo tatu. Bei yake: chumvi nyingi hivyo inakula chuma chote kinachoigusa, na maji yakipungua kwa joto, chumvi inaganda kwenye kuta na mwangaza haupiti tena vizuri.

Wenye kuishi kando ya Ziwa Kivu wanaweza kuuliza kama maji ya ziwa yanatosha, kwa kuwa yanajulikana kuwa na madini. Hayatoshi. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yanapitisha umeme karibu mara arobaini chini ya maji ya bahari, na ya Tanganyika ni dhaifu zaidi. Bomba lile lile likijazwa maji ya Kivu linapanda zaidi ya om elfu 3. Tena kwenye FM maji hayo yanaacha kutenda kama waya, yanatenda zaidi kama kioo kinene. Mtu wa Goma ao Bukavu akitaka kujaribu, anunue chumvi.

Maji yasiyo na chumvi nayo yako na kazi

Hiyo tabia ya kioo kinene, watafiti wengine wameigeuza kuwa faida. Maji safi yanapunguza mwendo wa wimbi la redio karibu mara tisa, kwa hiyo kisanduku kidogo cha maji kinaweza kuzuia wimbi na kulifanya lizunguke ndani yake mpaka litoke upande mtu anautaka. Katika miaka ya 2010, kundi la Chuo Kikuu cha Jiji cha Hong Kong lilijenga antene za namna hiyo, bapa, zenye maji ndani ya kisanduku cha plastiki angavu. Zinafaa kwa mawimbi mafupi kama ya Wifi na telefone, si kwa FM, ambako kisanduku kingekuwa kikubwa sana.

Wazo lililoambatana nazo linagusa sana fasi zetu: kwa kuwa mwangaza unapita, antene inaweza kulala juu ya plaki ya jua bila kuifunika. Kwa mtambo wa telefone ulio mlimani, wenye kuishi kwa plaki, nafasi juu ya paa ni mali. Kasoro yake inajulikana na kila mwenye kuona tanuri ya mikrowevu: mawimbi ya gigahezi 2,45 njo yale yenye kupasha maji ya chakula. Antene ya maji kwenye mawimbi hayo inajipasha yenyewe, kidogo kidogo.

Chuma chenye kumwagika

Kuna pia metali za majimaji. Zamani waliojaribu walitumia zebaki, ile metali nzito yenye kung'aa ambayo watafutaji wa dhahabu wanakamatia unga wa dhahabu. Mvuke wake ni sumu, na hakuna sababu ya kuirudia kwa ajili ya antene.

Siku hizi wanatumia galiamu. Inayeyuka kwenye nyuzi karibu 30: asubuhi ya Goma ni chuma kigumu, mchana wa joto wa Kindu inamwagika. Ikichanganywa na indiamu, robo moja kwa robo tatu, inabaki majimaji mpaka karibu nyuzi 15. Mwaka wa 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State, huko Marekani, waliijaza ndani ya vijia vyembamba vya mpira laini. Antene ikavutwa, ikakunjwa, ikarudi namna ilivyokuwa, na ukiivuta inabadilisha mawimbi yake. Mchanganyiko huo unapitisha umeme karibu mara 17 chini ya shaba, tofauti ambayo kwenye antene haisumbui sana.

Lakini haiachi mwangaza upite. Inang'aa kama kioo cha kujitazama, kwa sababu ile ile ya elektroni. Kinachoonekana ng'ambo ni mpira tu. Metali yenyewe unaiona kama mstari wa fedha. Wenye kuiita antene angavu wanategemea kwamba mistari ni myembamba kiasi kwamba jicho linasahau. Na mafundi wajue hili: galiamu ikigusa alumini, alumini inalegea na kuvunjika kama biskuti. Antene nyingi za FM zetu ni za alumini.

Kuna mchanganyiko mwingine wa galiamu, unaoitwa galinstani, ambao unatiwa na bati, karibu sehemu moja kwa kumi. Bati hiyo inatoka kwenye kasiterite, jiwe ambalo watu wa Walikale na Kalehe wanalijua kwa mgongo wao. Bati iko pia ndani ya ile ngozi nyembamba isiyoonekana yenye kufunika kioo cha telefone ya kugusa: oksidi ya indiamu na bati, karibu asilimia 10 ya bati. Ni metali ya kwanza angavu ambayo dunia nzima inashika mkononi kila siku, ingawa kwa antene ni dhaifu.

Wino unaokauka

Njia yenye kuonekana kuwa na kesho nzuri zaidi inaanza na majimaji, lakini haibaki majimaji. Kitu chenye kupitisha umeme kinasagwa mpaka kuwa unga usioonekana, kinachanganywa ndani ya maji ao pombe, kinapulizwa juu ya kioo ao plastiki kama rangi ya gari, kiisha kinakauka. Wengine wanatumia nyuzi za fedha nyembamba sana kuliko unywele. Mwaka wa 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, huko Philadelphia, walitumia wino wa karbidi ya titani uliochanganywa na maji tu. Waliweza kupuliza antene nyembamba kabisa, nanometa 62, ambayo mwangaza unapita ndani yake, na ikafanya kazi kwenye mawimbi ya Wifi.

Hapa tena bei iko pale pale. Tabaka jembamba linaacha mwangaza upite lakini umeme unabanwa. Ukiongeza mipulizo umeme unafurahi, na kioo kinakuwa cheusi. Anayechora antene ya namna hii kazi yake kubwa ni kuchagua wapi pa kunenepesha. Umeme unajaa kwenye kingo za antene na fasi kable inaingilia. Akitia wino mwingi kingoni, na kidogo katikati, anapata antene nzuri bila kuua mwangaza wote. Wengine wanaacha kabisa tabaka, wanachora wavu wa metali wenye matundu makubwa kuliko nyuzi zake, kama chandarua. Jicho linapita kwenye matundu. Wimbi la redio, ambalo ni refu mara nyingi kuliko tundu, linaona ukuta mzima.

Huko Japani, NTT DOCOMO na kampuni ya vioo AGC walitangaza mwaka wa 2018 antene ya telefone ya kubandika kwenye dirisha la jengo, upande wa ndani. Hapo uangavu unalipa bei yake: mji umejaa, wenye majengo hawataki vyuma ukutani, na mtaa unaotakiwa kufikiwa uko chini ya dirisha tu.

Kwa redio ya kijijini

Redio ya mlimani iko katika hali tofauti. Inataka kufika mbali kwa wati chache. Nusu ya nguvu ikipotea ndani ya maji, wasikilizaji wa karibu hawatasikia tofauti. Vijiji vya mwisho, vile vyenye kushika redio kwa shida wakati wa jioni, njo vinapotea kwanza. Na mara nyingi vijiji hivyo ndivyo redio iliwekwa kwa ajili yavyo.

Kuna pia radi. Uchunguzi wa satelaiti uliotangazwa mwaka wa 2016 uliweka Kabare, Kivu ya Kusini, nafasi ya pili duniani, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela, kwa wingi wa radi: zaidi ya mimweko 200 kwa kilometre mraba kila mwaka. Pilone ya chuma iliyofungwa vizuri kwenye udongo kwa kable nene inaipeleka radi chini. Bomba la plastiki lenye maji ya chumvi halina uwezo huo. Hata kama antene ingekuwa angavu, ingehitaji chuma pembeni yake cha kupokea radi, na hapo kuficha kumekwisha.

Jambo la mwisho linahusu emeteri. Antene isiyopimwa inarudisha nguvu nyuma, na nguvu hiyo inaunguza transista ya mwisho, kipande chenye bei kuliko vyote ndani ya mashini. Bomba la maji linabadilika na joto, na kiasi cha maji na chumvi. Kwa hiyo lisiunganishwe kamwe kwenye emeteri bila fundi mwenye kipimo cha nguvu inayorudi, na mtu asiguse maji hayo wakati emeteri inafanya kazi, kwa sababu mawimbi yanachoma ngozi.

Kwa kupokea, hakuna hatari, na wanafunzi wanaweza kujaribu kwa redio ya batri ambayo haikuchomekwa ukutani. Siku isiwe ya mvua wala radi. Bomba angavu la sentimetre 75 hivi linafungwa chini kwa kizibo, linasimamishwa ndani ya ndoo. Waya uliomenywa unatiwa ndani ya maji kwa chini, upande mwingine unafungwa kwenye antene ya redio ikiwa imekunjwa. Inachaguliwa redio yenye kusikika kwa shida, si ile ya jirani ambayo inaingia hata bila antene. Kwanza maji matupu, kiisha chumvi kijiko kwa kijiko, kiisha maji yanapunguzwa kidogo kidogo kusikiliza urefu gani unaifaa zaidi. Jaribio likiisha, waya usafishwe kwa maji safi na kukaushwa siku hiyo hiyo. Ukiachwa ndani ya chumvi utaanza kugeuka kijani.